Kitumbua cha Kwanza

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuhangaikia makala za kuwauzia wahariri, Shemweta alinunua vitumbua kwa Bi Rukaya. Leo alikuta ukurasa wa gazeti umebandikwa ukutani, juu ya jiko: picha ya Bi Rukaya katikati, na juu yake jina la Mbwego, mwandishi mwenzake.

"Alikuja siku moja tu," akasema Bi Rukaya, uso umemchanua. "Lakini kwa maswali, huyo!"

Roho ilimchoma Shemweta. Yeye miaka yote alikuwa akila hapa huku akilalamika kwamba mji huu hauna cha kuandikwa.

Bi Rukaya akatoa kitumbua cha kwanza kikaangoni, akakiweka pembeni kwenye kisahani cha buluu, kama afanyavyo siku zote.

"Hicho huwa cha nani, Bi Rukaya?" Shemweta akauliza, kwa mara ya kwanza.

Akamwonyesha ukuta kwa kijiti cha kugeuzia. "Yote yameandikwa pale, mwanangu. Soma."

Shemweta hakuinua macho. Alipokea vitumbua vyake, vimefungwa kwenye gazeti la juzi lenye makala yake mwenyewe, na mafuta yalikuwa yameshaanza kulilowesha jina lake.