Gamba Mfukoni mwa Koti

Shahidi alikuwa amewekwa kwenye sahani ya chai na kufunikwa na glasi, asije akapotea. Alitoshana na punje ya mahindi. Ukimwangalia ungesema ni kofia ya mtu mdogo sana, iliyochongoka juu.

Kiende alimpata siku ya kufua, ndani ya mfuko wa koti la mume wake, Muthamia, baba wa mtoto wao Kiunga, lile koti zito ambalo kila mtu wa nyumba hiyo hulivaa akiwa na safari ya baridi. Sasa mkoba wa Kiende ulikuwa mlangoni, na juu yake kuku wake wawili, wamefungwa miguu, tayari kurudi naye kwa wazazi wake Karurumo.

"Mwalimu, sema tu," alimwambia Lydiah, anayefundisha sayansi hapo Kanyakine. "Likiwa gamba la mto, nawafungua kuku. Likiwa la bahari, twende."

Maana Muthamia alisema alikaa mjini Maua siku nne, akingoja lori la rafiki yake Isak litengenezwe gia. Isak alipigiwa simu akaapa mara tatu kwamba walikuwa Maua. Lakini lori la Isak huenda Mombasa, na Kiende aliona kwamba mwanamume hafichi bahari bure. Ameficha mke huko.

"Mimi huoga mtoni," Muthamia alisema. "Hilo ni la mto."

Lydiah alivaa miwani, akafungua kitabu cha picha, akatoa rula.

"Kuna konokono wawili wenye nyumba ya namna hii," alisema. "Wa mto, gamba lake ni jembamba na laini kama ukucha wa mtoto. Wa bahari, lake lina mbavu kutoka kileleni mpaka ukingoni, na ni gumu, kwa sababu anapigwa na mawimbi."

Pembeni, mama yake Muthamia, Ciakuthii, alikuwa ameketi kwenye kigoda akishonea kisigino cha kiatu chake cha Jumapili. Tangu arudi kutoka baridi ya Timau, kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, uso ukiwa umeungua na jua la mlima, alikuwa mtu wa amani sana.

"Kitendawili," alisema bila kuinua macho.

"Si saa hii, mama," Muthamia akasema.

"Nyumba yangu haina sakafu, na nikipigiwa hodi ndio nafunga."

Lydiah alikuwa anahesabu.

"Mbavu ishirini na tatu," alisema. Akalipima gamba kwa rula, urefu na upana. Akalibonyeza kwa kidole gumba mpaka kidole kikageuka cheupe. Halikuvunjika. Akalinusa, halafu akalirudisha kwenye sahani polepole, kama anayeweka mgonjwa kitandani.

"Ni la bahari, Mama Kiunga. Tena la pale kwenye mwamba, mawimbi yanapopiga."

Kiende akainama, akawachukua kuku.

Muthamia aliwaangalia wale kuku. Akaangalia mkoba. Akaona kwamba mtu anayekana hasikizwi, lakini anayekiri pengine huachiwa kidogo.

"Haya, nilienda," alisema. "Isak alikuwa na nafasi kwenye lori. Hakuna mke. Nilitaka tu kuona."

"Ukaona nini, Baba Kiunga?"

"Maji."

"Maji hata hapa yako."

"Yale ni mengi."

Kiende akafikiria. "Na hili gamba ulilichukua la nini?"

"La kukuletea wewe. Halafu nikaogopa utauliza nimelitoa wapi."

Kiende akamweka kuku mmoja chini. "Ulilitoa vipi mwambani?"

Muthamia hakuwa amejitayarisha kwa hilo. Alinyoosha vidole viwili, akafanya kama mtu aliye kwenye shina la kahawa. "Nililishika tu hivi, polepole. Likatoka lenyewe, kama kahawa iliyoiva."

Kiende akaanza kumshusha kuku wa pili.

Ciakuthii akakata uzi kwa meno.

"Wacha uongo, Muthamia," alisema. "Ukilishika polepole ndio linajikaza. Mimi lilinivunjia kisigino."