Arobaini ya Mama

Sheria inataka sauti ya marehemu ifutwe mtandaoni siku ya arobaini. Mimi sikukubali. Asubuhi ya hitima nilichukua kompyuta ndogo, bodi tupu inayoenea kiganjani, nikachomeka memori kadi yenye mfumo wa Linux, nikawasha seva na kuweka humo rekodi zote za mama akifundisha mapishi. Nikaificha juu ya kabati la vyombo, nikawapa majirani anwani yake ya mtandao wamsikilize kwenye simu zao.

Alasiri akaja afisa wa ufutaji na fomu yake.

"Pole na msiba, dada. Kila kitu kimefutwa?"

"Kwenye seva zenu, ndiyo."

"Na hapa nyumbani?"

Kabla sijamjibu, sauti ya mama ikafoka kwenye simu, jikoni kwa jirani yangu, Bi Salha: "Tui zito mwisho! Nani kakwambia ukoroge hivyo?"

Afisa akatazama huku na huku, akaona waya ukutani, akaufuata kwa macho mpaka juu ya kabati. "Hii naing'oa."

"Ing'oe, kaka. Kila sahani ya pilau iliyotoka hapa mchana ilikwenda na memori kadi yenye nakala ya rekodi zake, chini ya foili."

Nikamrudishia fomu bila sahihi.

"Andika amekufa, hilo kweli. Kunyamaza, hajanyamaza."