Duka la Ng'ambo ya Barabara

Generoza aliingia kwenye duka jipya la vitenge, ng'ambo ya barabara, ili amkaribishe jirani. Alipovuka tu kizingiti, akasimama ghafla.

Benchi la waume lilikuwa pale mlangoni. Kioo kilikuwa kule ndani, nyuma ya pazia.

Bariadi nzima hakuna duka lililopangwa hivyo isipokuwa lake mwenyewe, pale upande wa pili. Mwaka mzima mdogo wake alikaa akitazama picha za kamera za dukani, akifuatilia wateja wanasimama wapi, wanashika nini, wanaondokea wapi. Ndiye aliyegundua kwamba wanawake hawajitazami kwenye kioo kinachoonekana barabarani, na kwamba mume akipata pa kukaa hamharakishi mkewe. Wakahamisha vitu wao wawili tu, mlango wameufunga, wakitaniana kwa Kisukuma. Wakaapa siri hiyo isitoke nje.

Generoza alishika ukingo wa benchi. Mbao ilikuwa bado inanuka vanishi.

"Karibu, mama," sauti ikasema nyuma ya pazia. Kisha mdogo wake akatoka, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, na tabasamu likamkauka.

"Dada... nilitaka nikuambie."

"Duka la nani hili?"

"Langu."

"Leo hii hii nakwenda kumwambia mama."

Mdogo wake aliinamisha uso, akaanza kukunja kitenge ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

"Mama ndiye aliyeuza ng'ombe ili nifungue, dada. Alisema wewe umeshashiba."