Mkoba Hautoki Mtupu

Bi Sihaba aliuweka mkoba wake wa ngozi juu ya meza ya duka la mikoba ya kifahari ya mitumba, akasimama wima kama mtu aliyekuja kununua. Nyumbani upepo ulikuwa umeng'oa bati la chumba cha mama yake, na masika yalikuwa yanabisha hodi.

Shebe, mwenye duka, alikagua mishono, akainusa ngozi. "Halisi kabisa. Shida gani, mama, hata uuachie?"

"Nani kakwambia nina shida? Mkoba umenichosha tu, baba. Umekaa sana kwapani."

Shebe alicheka, akaufungua. Ndani akakuta karafuu zimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Akazitoa. "Umesahau hizi."

"Sijasahau. Kwetu chombo hakitoki kitupu. Zirudishe, au nirudishie mkoba wangu."

Shebe alimtazama, kisha akazirudisha taratibu, akautundika mkoba dirishani. "Nikimpata mnunuzi nitakupigia."

Bi Sihaba alitoka kwapa tupu, kichwa juu. Alipogeuka barabarani, nyuma ya kioo mwanamke mmoja alikuwa ameshatia mkono mkobani. Alivipeleka vidole puani, akafumba macho.