Shoka la Kombo

Katika mji ule, jeraha halikupakwa dawa. Kilichopakwa ni chuma kilichokata, kisha kikaviringishiwa kitambaa, maana chuma kikipigwa na baridi, jeraha huuma, hata mwenyewe awe mbali kiasi gani.

Ndiyo maana Mwanakheri alilipaka shoka mafuta ya ubani kila asubuhi, tangu mwanawe Kombo ajikate nalo mguu, akaondoka akichechemea kwenda kutafuta maisha.

Jioni moja mchuuzi wa chumvi aliyetoka huko alikokwenda Kombo alisimama mlangoni.

"Kombo mzima, mama. Nimemwona akicheza ngoma. Ule mguu hata haukumbuki."

"Na mimi je, ananiulizia?"

Mchuuzi akajifanya anafunga vizuri mzigo wake. "Ana kazi nyingi, mama."

Alipokwenda zake, Mwanakheri alilifungua shoka, akalifuta mafuta yote kwa upindo wa nguo yake. Akalitoa nje, akalilaza juu ya jiwe.

"Kidogo tu, mwanangu," alisema. "Usiku mmoja tu."

Kisha akaketi kizingitini, akiitazama njia. Upepo wa baridi ulipoanza kuvuma, alikikunja kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.