Rangi ya Jani la Kabichi

Kijiji cha Nyandira walikuwa wameshakiacha nyuma. Mzee Dominiko yuko mbele, dada yake Yuliana nyuma, kamshika bega.

"Kaka, unaniongoza au unanigongesha?"

"Jiwe lilikuwa pembeni, sikulitazama. Tembea."

Macho ya Yuliana yalikuwa meupe kama tui. Miaka minne Dominiko alimpeleka shambani, mtoni, kanisani. Alikuwa amechoka, wala hakuficha. Enzi zake alikata miwa Turiani, akabeba mizigo Ngerengere, hakukaa mahali. Sasa begi lake lilikuwa mgongoni. Dada akishaona tu, yeye anakwenda zake Turiani.

"Na nisipoona?"

"Utaona. Usinitie nuksi."

Pikipiki ikachomoka ubavuni. Yuliana, kwa kuisikia tu, akamvuta kaka yake shati.

"Mzee, hayo macho ni ya nini?" dereva akafoka. Yuliana akacheka mpaka akakaa chini.

Gari la mboga likawafikisha mjini. Kwenye kliniki ya macho, siku hiyo walipima hata wasindikizaji, kwa hiyo wote wawili waliweka kidevu kwenye mashine. Kisha daktari, binti aitwaye Nasra, akawaamkia, akavuta kiti.

"Babu, glakoma unaijua?"

"Hata kuisikia sijaisikia."

"Jina la Kigiriki hilo. Ni ile rangi ya jani la kabichi, si buluu, si kijani. Watu wa kale waliona jicho la kipofu limeingia rangi hiyo, wakauita ugonjwa hivyo."

Dominiko akamgeukia dada yake. "Mbona haya ni meupe?"

"Mara nyingi jicho halibadiliki rangi hata kidogo. Presha ya ndani inaua mshipa wa kuonea polepole, kuanzia pembeni, bila maumivu. Kilichopotea hakirudi. Kuna matone ya kulinda kilichobaki, kila siku, na lazima awepo mtu wa kuyatia."

"Mpaka lini?"

"Maisha."

Dominiko akashusha begi sakafuni. "Basi, Turiani ndiyo imekufa hiyo."

Yuliana akampapasa mkono, akaanza kulia.

Daktari Nasra alihamishwa mwaka uliofuata. Yuliana alitolewa mtoto wa jicho wiki ileile ya kupimwa, jicho la pili baada ya mwezi, na sasa analima kabichi zake mwenyewe. Dominiko yuko Nyandira. Asubuhi na jioni dada yake humlaza kichwa nyuma, akamtia matone.