Njia ya Panya Mtandaoni

Fundi wa kompyuta alibonyeza kitufe cha mwisho, akachungulia mlangoni, kisha akacheza kidogo akiwa amekaa vilevile kitini. Njia ya panya ilikuwa imefunguka.

Pale ofisini kila tovuti ilipita kwanza kwenye proksi, mtambo ambao hakuna aliyeuona, lakini wenyewe uliona kila kitu na kukiandika. Bosi aliisoma ripoti yake kila Ijumaa, mstari kwa mstari, ndiyo maana wakampachika jina la Mzee Ripoti. Ukikutwa unatafuta kazi kwingine, ulifungasha virago siku hiyohiyo. Na fundi alikuwa amechoka, anatafuta kazi nyingine kwa udi na uvumba. Basi tovuti moja tu, ile ya ajira, akaipitisha kando ya proksi.

Alikusudia iwe kwa kompyuta yake peke yake. Kwa kiherehere akasahau kuitaja kompyuta hiyo kwenye mipangilio, na njia ikawa ya ofisi nzima. Alipogundua, alikuwa ameshaitwa kwenye usaili. Akaamua kufunika kombe mwanaharamu apite.

"Siku hizi mtandao unakwenda vizuri, mwanangu," Mzee Ripoti alimwambia kwenye ngazi. "Chochote ulichofanya, usikiguse tena."

Fundi akaitikia upesi. "Sawa, mzee."

Siku ya usaili aliaga kwamba jino linamuuma. Alipoingia kwenye chumba cha kusubiri akamkuta mhasibu wa ofisini kwao, ambaye alikuwa ameomba ruhusa akamzike shangazi yake. Kando yake alikaa mtunza stoo, ambaye alisema gari limemharibikia njiani, na wala hana gari. Katibu muhtasi naye akaingia, akawaona, akajificha uso kwa mkoba.

"Shangazi hajambo?" fundi akauliza.

"Anakusalimu," mhasibu akajibu.

Walicheka mpaka machozi yakawatoka, na mtunza stoo nusura aanguke kwenye benchi.

Kicheko kikakatika ghafla. Mzee Ripoti alikuwa amesimama mlangoni, suti imenyooka, akiwatazama mmoja mmoja. Fundi akapiga hesabu. Kazi ya zamani ndiyo hiyo imekwenda, na mpya bado hajaipata.

Bosi akafunga mlango taratibu, akaketi mwisho wa benchi, akaiweka bahasha ya vyeti mapajani.

"Nani wa mwisho kwenye foleni?"